Meno ya Watoto wa Ivumbani

Mwalimu Kavindu alikuja Ivumbani akiwa ameolewa, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua anachekaje. Jambo likichekesha ofisini, sisi walimu wengine tukipiga meza kwa viganja, yeye aliinua mkono wa kushoto, akafunika mdomo, mabega yakatikisika kidogo, basi. Mimi nilifundisha gredi ya tatu, ukuta mmoja tu na darasa lake la chekechea, PP1, kwa hivyo mengi ya haya niliyasikia kabla sijayaona. Yale yaliyotokea nisipokuwepo alinisimulia mwenyewe baadaye.

Alizaliwa upande wa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, mahali pa mbuzi na ng'ombe na jua lisilo na huruma. Maji ya kijijini kwao yalitoka kwenye kisima kirefu cha pampu, na yalikuwa na ladha ya magadi. Watoto walioyanywa tangu wakiwa wadogo waliota meno yenye madoa ya kahawia. Kavindu hakujua kwamba kuna ubaya wowote. Rafiki yake Awo, binti wa mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa na meno hayohayo, na wawili hao walikuwa wakicheka kwa sauti mpaka wateja dukani kwa mama yake Awo wanawafukuza.

Shida ilianza alipopelekwa shule ya upili ya bweni, mbali na kwao. Siku ya kwanza msichana mmoja alimuuliza mbele ya bweni zima, "Kwani kwenu hakuuzwi dawa ya meno?" Wasichana wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo mkono wake ulijua njia ya kwenda mdomoni.

Akasomea ualimu wa watoto wadogo, akaajiriwa, akaolewa na Muthama, mkulima wa maparachichi na maharagwe huku kwetu kwenye vilima vya Mbooni. Huku ni baridi, njia ni za kupanda na kushuka, na maji ni ya chemchemi, matamu. Kavindu alishangaa kuona jinsi watoto wa huku walivyokuwa na meno meupe. Nadhani alituonea wivu kidogo. Lakini alikuwa bado hajawachungulia kwa ndani.

Nzisa ndiye aliyemfanya achungulie.

Nzisa alikuwa na miaka mitano, na sauti yake tuliisikia kutoka darasa lolote. Wimbo ukianza, yeye ndiye aliyeukamata na kuukimbiza, wengine wakamfuata. Alilelewa na nyanya yake, ambaye kilima kizima kilimwita Susu Mwongeli, yaani Nyanya Mwongeli, kwa kuwa mama yake alifanya kazi Nairobi. Susu Mwongeli alikuwa kiongozi wa ushirika wa akina mama katika kanisa lililoko njiapanda, mwanamke mwenye kauli nzito, ambaye akisema jambo siku ya Jumapili, Jumatatu linatendeka.

Wiki moja muhula wa kwanza, nyimbo za PP1 zikapwaya. Nilidhani Nzisa hayupo. Kumbe yupo, amekaa pembeni, shavu moja limevimba kama amefungia chungwa ndani, na uji wake umepoa kwenye kikombe bila kuguswa.

"Nzisa, unaumwa wapi?" Kavindu akamuuliza.

Mtoto akaonyesha kwa kidole.

Kavindu akamkalisha mapajani, akawasha tochi ya simu. Magego mawili ya chini yalikuwa yamebaki vikombe vitupu, meusi, ufizi umejaa usaha. Akashtuka. Akamwita mtoto wa pili, akamwambia aseme aaa. Matundu. Wa tatu, matundu. Akapitia darasa lote mpaka kengele ikalia, na alipotoka mlangoni nilimwona ameshika simu bado inawaka mchana kweupe.

"Njoo uone," akaniambia. "Hawa watoto wanaoza wakiwa hai."

Mchana huo walipanda pikipiki moja, Kavindu, Susu Mwongeli na Nzisa katikati, wakateremka mpaka hospitali ya kaunti ndogo. Mtaalamu wa meno alikuwa kijana mrefu anayeitwa Gedion Nyamai. Foleni yake ilijaa watoto wenye leso zilizofungwa kichwani kupitia kidevuni. Alipofika kwa Nzisa alimpa kwanza kioo kidogo ashike, akaongea naye habari za mbuzi, akamchoma ganzi huku mtoto bado anaeleza majina ya mbuzi wao. Magego yote mawili yakatoka.

Baadaye, Nzisa akiwa ameng'ata pamba, Gedion alimgeukia Kavindu.

"Mwalimu, mimi nang'oa tangu asubuhi mpaka jioni, kila siku. Maumivu haya yote yangeweza kuzuiwa. Dakika chache za mswaki shuleni, wakiwa pamoja, kila siku. Na mara mbili kwa mwaka mimi nije niwapake dawa meno yao. Nimezunguka shule kadhaa. Wananiambia hawana nafasi."

"Dawa gani hiyo?"

"Ni madini yanaitwa floraidi. Yanafanya jino kuwa gumu." Akamtazama. "Mwalimu, samahani, wewe ulikulia wapi?"

Mkono wa Kavindu ulikuwa tayari mdomoni.

"Tseikuru," akasema kupitia vidole.

"Nilijua. Naomba nione. Tafadhali."

Ilimchukua muda. Mwishowe akaketi kwenye kile kiti, akafumba macho, akafungua mdomo. Gedion akaangalia juu, akaangalia chini, akaanza kucheka peke yake kwa furaha.

"Umewahi kung'olewa jino?"

"Hapana."

"Kuumwa je?"

"Hata siku moja."

"Huna tundu hata moja! Maji ya kwenu yalikuwa na floraidi kupita kiasi. Uliyanywa meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, ndiyo maana rangi imeharibika. Siyasifii maji hayo, wako wengine ambao meno humeguka kabisa. Lakini kitu hichohicho, kikiwa kidogo, kikapakwa juu ya jino lililokwisha kuota, kinalikinga lisioze. Tofauti ni kiasi tu."

Kavindu aliniambia kwamba alishuka kwenye kile kiti akiwa mtu mwingine. Miaka yote alidhani mdomo wake ni mgonjwa, kumbe ndio uliokuwa mzima katika chumba kile. Alipanda kilima akiwa na mpango kamili kichwani.

Hakuona kwamba Susu Mwongeli, aliyekaa pale pembeni amempakata mjukuu wake, alikuwa amesikia maneno yote, na ameyachukua kwa namna yake.

Mwalimu mkuu, Bwana Musyimi, hakukataa moja kwa moja. Yeye ni mtu wa ratiba. "Mwalimu, mtaala wenyewe tunaukimbiza hatuufikii. Sasa tuongeze na miswaki?" Lakini alikuwa na kitanda cha mbao ofisini mwake, pale walipolazwa watoto wanaolia, na karibu kila siku kililaliwa na mwenye jino bovu. Akakikodolea macho kile kitanda. "Wazazi wakikubali, mimi sina neno. Ijumaa tuna mkutano."

Kabla Ijumaa haijafika, ilipita Jumapili. Baada ya ibada Susu Mwongeli aliwakusanya akina mama nje ya kanisa, akawaambia kwamba shule inataka kuwapaka watoto dawa, na kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomharibu Mwalimu Kavindu meno. "Daktari mwenyewe amesema. Mimi nilikuwa pale, haya nimeyasikia kwa masikio yangu." Kufikia Jumatatu kilima kizima kilikuwa na habari. Mama mmoja alimtoa mtoto wake PP1, akampeleka shule ya bondeni.

Ijumaa darasa la gredi ya sita halikutosha. Watu walisimama madirishani. Gedion alikuja na sanduku lake, akaeleza vizuri, akaonyesha picha. Walimsikiliza kwa adabu kama watu wanaongoja mwingine aseme. Na Susu Mwongeli akasimama.

"Daktari, asante. Umetutolea mtoto maumivu, na Mungu akubariki. Mwalimu Kavindu, mwana wakwa, mwanangu, nawe unajua nakupenda. Wewe ndiwe uliyetupeleka hospitali. Lakini mimi ni mtu mzima, siwezi kuogopa kusema." Akageukia watu. "Daktari alisema hii floraidi ndiyo imefanya meno ya mwalimu yakawa vile yalivyo. Sasa mnataka muwapake watoto wetu? Na tena, jamani, tusidanganyane. Mtu atafundishaje mtoto kupiga mswaki na yeye mwenyewe meno yake ni rangi ya chai?"

Watu wengine waliinama kwa aibu. Wengine walicheka chinichini. Gedion akaanza kunyanyuka kitini, lakini Kavindu alimwekea mkono begani, akasimama yeye.

Alikuwa ameshika kitambaa cha kufunikia mdomo. Akakiweka mezani. Akaiteremsha mikono yote miwili.

"Susu amesema kweli," akasema. "Tazameni."

Akafungua mdomo, akatabasamu. Tabasamu pana kabisa, meno yote nje. Kisha akaanza kutembea katikati ya madawati, polepole, akimgeukia kila mtu, mpaka akafika nyuma na kurudi. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mitatu na sikuwahi kuyaona meno yake.

"Nimeyaficha haya tangu nikiwa msichana wa bweni. Leo nimechoka. Ni ya kahawia, ndiyo. Maji ya kisima chetu yaliyafanya hivi kabla sijajua kusema mama. Lakini hayajawahi kuniuma, na hakuna hata moja lililotoboka. Daktari amekagua. Sasa mimi nimefungua. Kuna mtu mzima humu ndani ataniruhusu nihesabu magego yake?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja karibu na dirisha akasema, "Mimi nikifungua utaona mpaka kesho kutwa, hakuna kitu cha kuzuia," akafungua, na kweli kulikuwa wazi kama lango. Hapo ndipo kicheko kikatoka, cha watu wote, hata Susu Mwongeli akajifuta macho.

Kavindu alingoja kitulie.

"Lakini Susu ameuliza jambo kubwa, na mimi siwezi kulipita. Sitakubali mtoto yeyote wa hapa apate meno kama yangu. Kwa hivyo daktari, kabla ya kupaka chochote, maji ya chemchemi yetu yapimwe. Kama yana floraidi nyingi kama ya kwetu, nitakuwa wa kwanza kusema hapana."

"Ni haki kabisa," Gedion akasema. "Na ndivyo inavyotakiwa. Yapimwe."

Susu Mwongeli alikuwa bado amesimama. "Na ni nani atayapeleka hayo maji kupimwa? Wasije wakapima maji mengine, wakatuletea majibu ya mto mwingine."

"Wewe, Susu," Kavindu akamjibu.

Mkutano ukalipuka kwa makofi.

Watu wa Ivumbani bado wanasimulia safari hiyo. Susu Mwongeli alivaa sare yake ya kanisa, akateka maji mwenyewe kwenye chupa aliyopewa na Gedion, akakataa isiwekwe kwenye mfuko wala kushikwa na mtu mwingine. Akaipakata kama mtoto mchanga mpaka mji wa Wote, kwenye maabara. Kijana wa huko alipotaka kuichukua ndani, alimwambia, "Twende wote, mwanangu," akasimama nyuma yake mpaka kipimo kikaisha.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani bila kuitwa. Alisema maji ya chemchemi ya Ivumbani yamepimwa, yeye akiwa amesimama palepale, na floraidi ndani yake ni kidogo sana, karibu hakuna. Alisema meno ya watoto hayana kinga yoyote kutoka kwa maji, na kwamba kama kuna mzazi anayetaka mtoto wake aje alie kama Nzisa alivyolia, basi anyooshe mkono aonekane. Hakuna aliyenyoosha. Yule mama aliyekuwa amempeleka mtoto bondeni alimrudisha asubuhi yake.

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Wiki ya kwanza ya kupiga mswaki shuleni ilikuwa vurugu tupu. Dawa ya meno ilikuwa tamu, basi watoto wakailamba yote kabla mswaki haujaingia mdomoni, wakanyoosha mikono waongezewe. Kavindu akajifunza kuweka tone dogo kama punje ya mchele, yeye mwenyewe, mswaki mmoja baada ya mwingine. Wengine walibadilishana miswaki kwa urafiki. Akachora kwenye kila mpini alama ya mtoto mwenyewe: huyu kuku, huyu jembe, huyu jua. Akapigilia ubao wenye misumari nyuma ya darasa, kila mswaki ukaning'inia peke yake juani ukauke. Mbuzi wa jirani akaingia kupitia ua, akatafuna karibu robo ya miswaki yote. Kavindu alimfukuza mpaka shambani kwa mwenyewe huku kandambili zikimtoka miguuni, na sisi tuliokuwa madirishani tulimsikia akicheka njia nzima, mdomo wazi.

Maji yalikuwa shida nyingine. Chemchemi iko chini kabisa ya kilima, na wakati wa kiangazi shule ilitegemea madumu. Gedion alipoulizwa alifurahi. "Hamhitaji maji! Wateme tu povu, wasisuuze. Dawa ikibaki kwenye jino ndiyo inafanya kazi." Basi kila siku baada ya uji, PP1 na PP2 walipanga mstari kando ya migomba, wakasugua huku wakifuata wimbo, kisha wakatema kwa pamoja. Wimbo huo aliutunga Nzisa, au tuseme aliuchukua wimbo wa kupura maharagwe akaweka maneno yake. Juu, chini, nyuma kwa magego. Kila ubeti ulikuwa upande mmoja wa mdomo. Ukiisha wimbo, muda umetimia. Hakuna aliyehitaji saa.

Siku moja Susu Mwongeli alikuja shuleni bila kusema. Alisimama nyuma ya jiko, akidhani hatumwoni, akatazama mstari ule wa watoto wenye povu midomoni, wakiimba kwa pua kwa sababu mdomo una kazi. Nzisa alikuwa mbele yao akiongoza kwa kutikisa kichwa. Wimbo ulipoisha, mtoto huyo akamwona, akamkimbilia, akamwambia afungue mdomo. Na Susu, ambaye hakuna mchungaji aliyewahi kumwamrisha kitu, akafungua.

"Susu, wewe hupigi nyuma," Nzisa akasema.

"Kweli, sipigi," Susu akakiri. "Nipe huo mswaki wako nione."

"Hapana! Kila mtu na wake."

Kesho yake alirudi na mswaki mpya, akajipanga mwisho wa mstari.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya wawili. Kavindu alishughulika na shule, Susu akashughulika na kila kitu kilichokuwa nje ya lango. Shule ya Jumapili ilikuwa na desturi ya kumpa peremende mtoto aliyekariri mstari wa Biblia, na watoto walikuwa wakikariri sura nzima kwa ajili ya utamu. Susu aliifuta desturi hiyo. Badala yake alileta kapu la mapera. Kukatokea malalamiko kwa wiki moja, halafu mapera yakazoeleka, na mistari ikaendelea kukaririwa. Mwanamke aliyeuza peremende langoni alitembelewa na ushirika mzima wa akina mama, wakiwa wamevaa sare. Hawakumfukuza. Walikaa naye, wakanywa chai yake, wakamshauri auze njugu na mayai ya kuchemsha, na wakaanza kununua wao wenyewe ili aone inalipa. Jikoni, sukari ya uji ilipunguzwa kijiko baada ya kijiko, taratibu, mpaka siku moja mpishi akasahau kabisa kuiweka na hakuna aliyeuliza.

Gedion alikuja kila nusu mwaka na brashi yake ndogo, akapaka dawa. Alikuwa na maneno machache, na hata alipopanda kilima akiwa amechoka, hatukumsikia akilalamika. Siku ya kwanza kabisa alipowakagua watoto wetu wadogo, wale waliokuwa na mdomo usio na tundu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Nakumbuka alivyokuwa akishusha kioo chake na kuvuta pumzi.

Miaka miwili baadaye akaja kwa ukaguzi mkubwa. Bwana Musyimi alikuwa ameukubali mpango huo kiasi kwamba alisimamisha masomo kwa nusu siku, jambo ambalo mimi sikutegemea kuliona nikiwa hai. Wazazi walikuja. Kiti cha plastiki kikawekwa uwanjani kwenye mwanga mzuri. Watoto wa PP1 na PP2 walikuwa wameanza mswaki tangu siku yao ya kwanza shuleni. Nyuma yao walipangwa wale wa gredi ya kwanza na ya pili, ambao magego yao ya ukubwani yalikuwa yameota wakiwa kwenye mpango.

Mtoto wa kwanza akaketi, akafungua. Gedion akazungusha kioo juu, chini, nyuma.

"Safi," akasema.

Wa pili. "Safi."

Wa tatu alikuwa na tundu dogo jino la mbele la utotoni. "Hili tutaliziba leoleo. Mengine safi."

Kufikia wa kumi, watoto waliokuwa wakingoja walikuwa wameanza kuitikia. Gedion akisema safi, uwanja mzima unarudisha, "Safi!" Wazazi wakaingia. Mtoto akiketi kwenye kile kiti, watu wananyamaza kimya, shingo zimenyooka, mpaka lile neno litoke, kisha kelele inapaa mpaka ng'ambo ya bonde. Watu waliokuwa wakilima upande wa pili waliacha majembe wakaja kuona kuna nini. Mzee yule asiye na magego alikuwa akirusha kofia yake juu kila mara.

Nzisa alifika. Sasa alikuwa na miaka saba, meno mapya mbele, makubwa kuliko uso wake. Gedion alimkumbuka.

"Mbuzi wenu hawajambo?"

"Wawili wamezaa."

"Fungua basi."

Akatazama muda mrefu kuliko kwa wengine. Alikuwa akiyaangalia magego yake mapya ya nyuma, yale ambayo mtu akiyapoteza hapati mengine. Susu Mwongeli alishika mkono wa Kavindu, na Kavindu aliniambia baadaye kwamba vidole vyake vilikufa ganzi kwa kubanwa.

"Safi," Gedion akasema. "Safi kabisa."

Sijui niseme nini kuhusu kelele zilizofuata. Susu alipiga vigelegele akazunguka uwanja, akina mama nyuma yake. Bwana Musyimi, mtu wa ratiba, alipandishwa mabegani. Gedion aliweka vifaa vyake chini akakaa kwenye nyasi, akisema kwamba hajawahi katika kazi yake kumaliza siku bila kung'oa jino. Midomo iliyokuwa na tundu siku hiyo ndiyo sasa iliyohesabika kwa vidole. Na Kavindu alisimama katikati ya watoto wake akicheka kwa sauti ambayo, nasikia, ndiyo aliyokuwa nayo Tseikuru.

Habari zikateremka kilima zenyewe. Kile kitanda ofisini kwa mwalimu mkuu kilihamishiwa stoo kikawekewa magunia ya maharagwe. Shule mbili za jirani zikaomba kuja kutazama, wakatazama, wakaanza. Kisha tukapata mwito kutoka soko la Nunguni, ng'ambo ya vilima, ambako walimu wa chekechea wa soko lile na vijiji vyake walitaka kusikia kutoka kwa Mwalimu Kavindu mwenyewe. Alikwenda na Susu Mwongeli, na mimi nikaomba ruhusa niwasindikize.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Kavindu aliongea kwa Kiswahili na Kikamba vikiwa vimechanganyika, bila karatasi. Alieleza habari za punje ya mchele, misumari ya kukaushia, yule mbuzi, kutema bila kusuuza. Alisisitiza kwamba maji ya kila mahali yapimwe kwanza. Mama mmoja alimuuliza wazi kuhusu rangi ya meno yake, akajibiwa wazi, na likapita kama swali lingine lolote. Halafu Susu akapewa nafasi ya kusalimia watu, na salamu zake zikachukua muda kuliko hotuba. Alipoketi, akina mama wa Nunguni walikuwa tayari wanagawana kazi ya kuzungumza na wauza peremende.

Mwishoni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na soko, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alisimama.

"Mwalimu, sisi tumekubali. Swali langu ni moja tu. Jambo kama hili linaanzia wapi? Tungoje muhula mpya, ama tungoje kaunti, ama tuanze vipi?"

Kavindu alikuwa tayari anafungua gunia la miswaki tulilokuja nalo.

"Watoto wako wanakunywa uji saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi kesho saa nne na nusu," Kavindu akasema. "Sisi tutalala hapahapa Nunguni."